Dawa ya Figo Imfuate Mtoto Kisiwani

Mtoto anapoamka asubuhi macho yamevimba hata hayafunguki vizuri, na jioni miguu yake imejaa maji, wazee wa mwambao wetu hawakosi la kusema. Mmoja atasema ni unyafuzi, mtoto hapewi chakula cha kutosha. Mwingine atasema ni minyoo. Wa tatu atanong'ona kwamba hapo pana mkono wa mtu. Ni mara chache sana atokeapo mtu wa kusema, "Tupime mkojo wake." Sisi leo tumeamua kuandika juu ya mkojo huo, kwa kuwa kauli hiyo fupi ndiyo inayotenganisha, kwa baadhi ya watoto wa Musoma, Bunda na Butiama, uzima na kaburi.

Tunaandika tukiwaelekea watu wa aina mbili. Kwanza ni wananchi wa visiwani na wa mialoni, kuanzia Rukuba hadi Nafuba, ambao kwao safari ya hospitali huanza kwa kuuliza kama ziwa limetulia. Pili ni viongozi na watendaji wa Serikali, mkoani na katika halmashauri, ambao mikono yao ndiyo inayosaini maombi ya dawa na bajeti. Jambo tunalotaka kulisema ni moja: ugonjwa huu una dawa, dawa hiyo ni ya bei ndogo, lakini haimfai mtoto ikiwa inapatikana mjini tu kwa wiki mbili na kukosekana kisiwani kwa wiki kumi zinazofuata.

UGONJWA WENYEWE

Figo ni chujio la damu. Kwa mtu mwenye afya, chujio hilo hupitisha maji na takataka za mwili, lakini huzuia protini ili ibaki ndani ya damu. Katika ugonjwa ambao madaktari huuita sindromu ya nefrotiki, chujio hulegea, na protini, hasa ile iitwayo albumini, humwagika katika mkojo. Albumini ndiyo inayoyashikilia maji ndani ya mishipa ya damu. Ikipungua, maji huvuja na kutuama katika nyama za mwili: usoni asubuhi, miguuni jioni, tumboni, na kwa wavulana hata mapumbuni. Mkojo hupungua na mara nyingi hutoa povu jingi. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6, umri ambao mtoto hawezi kueleza anavyojisikia.

Hatari kubwa haimo katika uvimbe wenyewe. Pamoja na albumini hupotea pia askari wa mwili wanaopigana na vijidudu. Ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa huu huweza kupata homa ya mapafu, usaha ndani ya tumbo au maambukizo ya ngozi, akafa kwa hayo kabla figo zake hazijashindwa kazi. Damu yake nayo huwa nzito, na huweza kuganda ndani ya mishipa. Kabla ya kupatikana dawa za kuua vijidudu na dawa za jamii ya steroidi, katikati ya karne iliyopita, sehemu kubwa ya watoto wa aina hii walikufa hata katika nchi tajiri. Leo hali hiyo imegeuka kabisa pale ambapo dawa hutolewa kwa utaratibu unaostahili.

Ni kweli kwamba unyafuzi nao huvimbisha, na kwamba katika mkoa wetu bado wapo watoto wanaopungukiwa chakula. Lakini mtoto wa unyafuzi hamwagi protini nyingi katika mkojo. Huyu wa figo anaimwaga kila saa. Mzazi anayeambiwa ampe mtoto huyo maziwa na mayai zaidi, bila kupimwa mkojo, ni sawa na mtu anayeambiwa aongeze maji katika mtungi uliotoboka. Atajilaumu kwa umaskini wake, ataelemewa na aibu mbele ya majirani, na mtoto ataendelea kuvimba. Kosa hilo si la mzazi. Ni la yeyote aliyemtazama mtoto kwa macho tu, akatoa hukumu.

Kipimo kinachotenganisha mambo haya hakihitaji mtambo wala umeme. Kijiti cha kupimia mkojo huchovywa, husubiriwa kwa muda mfupi, na rangi yake hulinganishwa na ile iliyochapwa kwenye kichupa chake. Hata pale vijiti vilipokwisha, wauguzi wa zamani walijua kuuchemsha mkojo katika kichupa cha kioo na kuutia matone machache ya siki: ukibaki na wingu jeupe, protini imo. Hatuoni sababu ya zahanati yoyote, hata iwe kwenye kisiwa cha mbali namna gani, kukosa uwezo huo.

DAWA NA SAFARI YAKE NDEFU

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni prednisoloni. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na katika orodha ya taifa letu. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa figo za watoto wa mwaka 2022 unaelekeza kwamba mtoto anayeugua kwa mara ya kwanza apewe miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, bila kuzidi miligramu 60, kwa wiki 4 au 6. Kisha miligramu 1.5 kwa kilo siku moja baada ya nyingine, bila kuzidi miligramu 40, kwa wiki 4 au 6 nyingine. Vipimo hivi tunavitaja ili viongozi waelewe ukubwa wa kazi, wala si ili mzazi akanunue dawa dukani na kumpimia mwanawe. Kipimo cha kila mtoto hupangwa na daktari aliyemwona.

Wasomaji wazingatie hesabu hiyo ya wiki. Tiba ya malaria huchukua siku 3. Tiba ya kichocho ni dozi moja. Tiba hii huchukua wiki 8 hadi 12, nayo ni mwanzo tu, kwa kuwa hata watoto wanaopona vizuri, wengi wao, yaani 7 au 8 katika kila 10, hurudiwa na ugonjwa walau mara moja. Na karibu nusu yao hurudiwa mara kwa mara. Kila unaporudi, dawa huanza upya hadi mkojo utakapokuwa safi kwa siku 3 mfululizo, kisha huendelea kwa wiki kadhaa siku moja baada ya nyingine. Kwa watoto wengi hali huendelea hivyo kwa miaka, hadi wanapokaribia utu uzima, ndipo ugonjwa unapowaacha na figo zao zikiwa salama. Kwa hiyo familia ya mtoto huyu imeingia katika safari ya miaka, na Serikali inapaswa kuiandalia njia.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Chukueni mfano wa mama wa Rukuba. Anapanda boti hadi Musoma mwanawe akiwa amevimba mwili mzima. Analazwa, anapimwa, anaanzishiwa dawa. Baada ya wiki mbili uvimbe umekwisha na mtoto anacheza wodini. Anaruhusiwa na kupewa vidonge vya wiki mbili, akiambiwa arudi kuchukua vingine. Siku ya kurudi inafika, nauli hakuna, au ziwa limechafuka, au mavuno yanamngoja. Anakwenda zahanati ya kisiwani, anaambiwa dawa hiyo haipo kwa sababu si dawa ya ngazi hiyo. Vidonge vinakwisha. Mtoto anaonekana mzima, basi mama anatulia. Mwezi haupiti, macho yanavimba tena, na safari hii jirani ana hakika: hospitali imeshindwa, twende kwa mganga.

Tunauliza, katika mfano huu ni nani aliyeshindwa? Daktari alitambua ugonjwa, dawa ikafanya kazi, na mama akatimiza aliloliweza. Kilichokosekana ni daraja kati ya wodi ya mjini na zahanati ya kisiwani.

Tena kuna hatari ambayo haielezwi vya kutosha kwa wazazi. Mtoto aliyemeza prednisoloni kwa wiki nyingi, mwili wake hupumzika kutengeneza homoni yake yenyewe ya namna hiyo. Dawa ikikatwa ghafla, mwili huachwa mikono mitupu. Mtoto akipatwa na homa au kuhara wakati huo, anaweza kulegea, kutapika na kuzimia. Dawa hii haikatwi kwa sababu kopo limekwisha. Hupunguzwa kwa mpango.

Jambo jingine huwachanganya akina mama wengi. Ugonjwa huvimbisha uso. Nayo dawa, baada ya wiki chache, huufanya uso uwe mviringo na mashavu yajae, na humzidishia mtoto hamu ya kula. Mama ambaye hakuelezwa huona ugonjwa umerudi kwa sababu ya dawa, akaiacha. Lau angeambiwa tangu mwanzo kwamba mashavu hayo ni ya dawa na yatapungua dawa ikipunguzwa, na kwamba mwamuzi ni kijiti cha mkojo na si kioo cha kujitazamia, asingeiacha. Maelezo ya dakika tano wodini yana thamani sawa na kopo la vidonge.

MASHAKA YA ZAMANI NA UKWELI WA LEO

Baadhi ya wasomaji, hasa watumishi wa afya waliosoma miaka mingi iliyopita, watasema kwamba steroidi hazimfai mtoto wa Kiafrika. Shaka hiyo ina historia, nayo inatoka ng'ambo ya ziwa letu hili. Mwaka 1967, Daktari J. W. Kibukamusoke wa Mulago, Kampala, na wenzake walichapisha uchunguzi wao uliohusisha sindromu ya nefrotiki nchini Uganda na aina ya malaria inayopandisha homa kila baada ya saa 72. Mwaka 1973 Kibukamusoke alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Wagonjwa wengi wa namna ile hawakupata nafuu kwa steroidi, na hata dawa za malaria hazikuzirudisha figo zao katika hali ya awali. Kazi yake ilikuwa kubwa, na iliiheshimisha Afrika ya Mashariki mbele ya wanasayansi wa dunia.

Lakini haifai kuichukua picha ya wakati ule na kuitundika juu ya kila mtoto wa leo. Taarifa za miongo ya karibuni, kwa mfano kutoka Nigeria, ambako nako malaria hiyo ilihusishwa na ugonjwa huu, zinaonyesha watoto wengi wakipona kwa prednisoloni. Wapo ambao hawaponi, na huenda idadi yao kwetu ni kubwa kuliko Ulaya au Asia. Hata hivyo hakuna awezaye kumtambua kwa kumtazama. Kila mtoto anastahili kupewa dawa kikamilifu kwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kusemwa kwamba imemshinda. Mtoto aliyepewa nusu ya kipimo kwa nusu ya muda, kwa sababu dawa haikuwapo, kisha akaandikwa kwamba dawa imemkataa, amedhulumiwa mara mbili.

Aliyeshindwa kweli kupata nafuu, au anayerudiwa mara kwa mara, zipo dawa nyingine. Ipo levamisole, iliyojulikana kwanza kama dawa ya minyoo. Ipo saiklofosfamaidi, inayotolewa kwa wiki 8 hadi 12 chini ya uangalizi wa vipimo vya damu. Zipo saiklosporini na takrolimasi, maikofenoleti, na rituksimabu. Hizi ni za hospitali kubwa, wala hatudai zipelekwe visiwani. Mtoto wa namna hii ahamishiwe Bugando, Mwanza, au Muhimbili, ambako hata kipande kidogo cha figo huweza kuchukuliwa kwa sindano na kuchunguzwa. Tunachodai ni kwamba afike huko mapema, na karatasi inayoeleza alipewa nini, lini, na kwa siku ngapi.

SI KILA FIGO NI DAWA MOJA

Hatuna budi kutoa tahadhari. Zipo figo zinazougua kwa njia nyingine, na mtoto wake si wa prednisoloni. Mtoto aliyekuwa na upele uliokunwa ukawa vidonda vyenye usaha, au aliyeumwa koo, anaweza baada ya wiki 1 hadi 3 au zaidi kukojoa mkojo mwekundu au wa rangi ya chai nzito, uso ukavimba kidogo, na shinikizo la damu likapanda hadi akapata degedege. Huyu chujio lake limewashwa na vita vya mwili dhidi ya vijidudu vya ngozi au koo. Tiba yake ni kupunguza maji na chumvi, dawa ya kukojoza, dawa za kushusha shinikizo, na penisilini ya kumaliza vijidudu vilivyobaki. Wengi hupona bila steroidi yoyote. Kinga yake ni sabuni, maji, na kutibu upele wa nyumba nzima kwa siku moja. Katika kambi za wavuvi, ambako watu wengi hulala chumba kimoja, jambo hili si dogo.

Ziwa letu nalo lina mchango wake. Kichocho cha tumbo kimeenea mwambao mzima, nacho kikikaa mwilini kwa muda mrefu kinaweza kuzidhuru figo. Virusi vya homa ya ini aina ya B na vya Ukimwi pia huweza. Kwa hiyo kabla mtoto hajaanzishiwa steroidi ni wajibu kumtafutia kifua kikuu, malaria, kichocho na virusi hivyo, na kumtibu minyoo, kwa maana upo mnyoo uitwao strongiloidesi ambao hukaa kimya tumboni kwa miaka, na mwenyeji wake akipewa steroidi husambaa mwili mzima na kuua. Anayetoa prednisoloni bila kufikiri hayo amefungua mlango asioujua.

Kwa sababu hiyohiyo tunawasihi wenye maduka ya dawa wasimuuzie mzazi vidonge hivyo kwa maelezo ya mdomo, wala wasimpe mtoto aliyevimba diklofenaki au ibuprofeni ya kutuliza maumivu, kwani dawa hizo huzibana figo zilizokwisha kuumia. Dawa za miti shamba zisizojulikana nazo zimewahi kuharibu figo nyingi katika bara hili. Hatumdharau mganga wa jadi, tunamwomba awe wa kwanza kusema, "Huyu apimwe mkojo."

HESABU ISIYOTISHA

Maofisa watatuuliza, kama ilivyo desturi, fedha zitatoka wapi. Basi tupige hesabu pamoja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.3 katika Mkoa wa Mara. Tukikadiria kwamba watoto ni kama milioni moja, na tukitumia kipimo kinachotajwa mara nyingi duniani cha wagonjwa wapya 2 hadi 7 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, mkoa mzima ungetazamia wagonjwa wapya kati ya 20 na 70 kila mwaka. Hayo ni makadirio, lakini yanatosha kwa kupanga.

Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 30 kwa siku, yaani vidonge 6 vya miligramu 5. Kwa wiki 6 ni vidonge 252. Kwa wiki 6 zinazofuata, siku moja baada ya nyingine, ni vidonge 4 na nusu mara 21, yaani kama 95. Jumla haifiki 350. Watoto 50 wa namna hiyo watahitaji vidonge 17,500, ambavyo ni makopo 18 ya vidonge 1,000. Tuzidishe mara tatu kwa ajili ya wanaorudiwa na wakubwa wenye uzito zaidi: ni makopo 54 kwa mkoa mzima kwa mwaka mzima. Makopo hayo yanaenea katika kabati moja la ofisi.

Linganisheni kabati hilo na gharama ya figo zilizokufa. Ni fahari kwetu kwamba upandikizaji wa figo ulianza kufanyika hapa nchini, Muhimbili, mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwezi Machi 2018. Lakini kusafishwa damu kwa mashine ni mara mbili au tatu kila wiki, kwa maisha yote au hadi ipatikane figo ya kupandikiza. Familia ya mvuvi wa Nafuba haiwezi kuhamia mjini kwa ajili hiyo. Taifa linalojivunia kupandikiza figo lisione haya kujivunia pia kopo la prednisoloni lililofika kisiwani kwa wakati.

TUNACHOSHAURI

Kwanza, kila zahanati na kituo cha afya kiwe na vijiti vya kupimia mkojo, na iwe amri kwamba mtoto yeyote aliyevimba hapewi jina la ugonjwa kabla mkojo wake haujapimwa. Pamoja na vijiti uwepo mkanda wa kupimia shinikizo la damu unaotosha mkono wa mtoto. Mkanda wa mtu mzima husema uongo.

Pili, dawa imfuate mtoto. Hospitali ikimruhusu mtoto wa kisiwani, Mganga Mkuu wa Wilaya aarifiwe, na vidonge vya muda wote uliobaki vipelekwe zahanati iliyo karibu naye kwa jina lake, kama ilivyozoeleka kwa dawa za kifua kikuu. Tukisema kwamba dawa fulani si ya ngazi ya zahanati, tuwe tunazungumzia kuanzisha tiba, si kuiendeleza.

Tatu, lifunguliwe daftari la mkoa la watoto wa figo, katika Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma. Wagonjwa 70 kwa mwaka hawamshindi mtu mmoja mwenye kalamu na simu. Asiyefika kwa siku yake apigiwe, na asiyepatikana atafutwe na mhudumu wa afya wa kijiji chake.

Nne, suala la malipo litazamwe kwa uaminifu. Sera inamsamehe malipo mtoto aliye chini ya miaka 5. Ugonjwa huu mara nyingi huanza katika umri huo lakini hauheshimu siku ya kuzaliwa. Mtoto aliyetibiwa bure akiwa na miaka 4 hurudiwa akiwa na miaka 6, na hapo mzazi hudaiwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Tunaomba wahusika watamke bayana kwamba tiba ya figo za watoto, tangu kijiti cha mkojo hadi rufaa ya Bugando, imo ndani ya huduma zinazolipiwa, na kwamba asiye na uwezo hatarudishwa mlangoni.

Kwa wazazi nasi tuna neno. Mtoto wenu akipewa dawa hii, mpeni asubuhi baada ya chakula, wala msiikate bila kuambiwa. Mpunguzieni chumvi wakati amevimba. Samaki wa kayabo asiguse sahani yake, na dagaa wasiotiwa chumvi wanamtosha. Msimnyime protini, wala msimlazimishe kuzidi wenzake. Kuweni na daftari la shilingi chache, muandike kila asubuhi kijiti kimesema nini na vidonge vingapi vimemezwa. Protini ya alama tatu kwa siku 3 mfululizo ni ishara ya kurudi zahanati hata kama hajavimba. Homa, tumbo kuuma, mguu mmoja kuvimba kuliko mwingine, au kutapika dawa, ni safari ya siku hiyohiyo. Akikaribiana na mwenye tetekuwanga au surua, semeni mara moja. Chanjo zake zipangwe na daktari, kwani zipo zinazompasa sana na zipo za kusubiri.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Hapakuwa na simu za mkononi, na barabara nyingi zilikuwa za vumbi. Palikuwa na nia, na palikuwa na mpango uliofika hadi kwa mwananchi wa mwisho. Leo tuna simu karibu kila boti, tuna hospitali ya rufaa Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulisuasua kwa miongo na hatimaye imefunguliwa, na tuna Bohari ya Dawa yenye kazi ya kusambaza dawa nchi nzima. Tukishindwa kufikisha makopo 54, hatutaweza kusingizia umaskini.

Mwalimu, ambaye kaburi lake liko Butiama, alitufundisha kuwahesabu maadui wetu kuwa ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika mtoto huyu aliyevimba, maadui wote watatu wamekutana: ujinga unaomwita amerogwa, maradhi yanayolegeza figo zake, na umaskini unaomzuia mama yake kupanda boti kwa mara ya pili. Kila mmoja wao ana silaha yake, nazo ni elimu, vidonge na nauli. Tunawaomba waheshimiwa wakuu wa wilaya za Musoma, Bunda na Butiama, waganga wakuu na wakurugenzi wa halmashauri, waipange hesabu hii katika bajeti ijayo. Nasi, Mungu akipenda, mwaka mmoja kuanzia leo tutauliza tena kama dawa imefika Rukuba.